Nikola Tesla, mtu aliyeamuru mashine kutoka mbali

Huko Kolwezi, jina la Tesla linawakumbusha wengi magari ya umeme ya Marekani na kobalti ya betri zake. Mwenye jina hilo hakuyaona magari hayo, alifariki mwaka 1943. Lakini mkaaji wa Lualaba anayetumia kompyuta kama sinema ya nyumbani, akaiamsha kwa telekomande bila kuondoka kitini, anapita njia iliyofunguliwa na mtu huyo mwaka 1898.

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko nchini Kroatia. Baba yake alikuwa padri wa Kanisa la Orthodox la Waserbia na alitaka mtoto amfuate katika kazi hiyo. Kijana alichagua umeme. Alisoma Graz, akafanya kazi Budapest na Paris, kisha mwaka 1884 akavuka bahari hadi New York na kuajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison. Hawakukaa pamoja muda mrefu. Baadaye wenzake wa biashara walimwacha mikono mitupu, na fundi huyo mwenye masomo akachimba mitaro ili apate chakula.

Mambo yaligeuka mwaka 1888, George Westinghouse aliponunua haki za mota yake ya mkondo geu, yaani umeme unaobadilisha upande mara nyingi kwa sekunde. Edison alitetea mkondo mnyoofu. Tesla alishinda: mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa njia yake. Kolwezi inawatumikia wote wawili, kwani laini ya kilomita karibu 1 700 kutoka Inga inasafirisha mkondo wa Edison, kisha unageuzwa kuwa wa Tesla ukifika.

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Tesla aliweka mashua ndogo ya chuma ndani ya maji. Hakuna waya uliofungwa kwake. Yeye alisimama pembeni na kisanduku chake, na mashua ikageuka kushoto na kulia, taa zake zikiwaka na kuzimika. Kuna waliodhani ni uchawi, wengine kwamba amemficha nyani aliyefundishwa. Jeshi la majini la Marekani halikuona faida.

Siri ilikuwa nyepesi. Mawimbi ya redio hayakusukuma mashua. Betri ilikuwa ndani yake tayari. Kilichohitajika ni kipokezi kilichokaa macho, kikingoja alama ndogo ili kifungulie nguvu hiyo njia.

Kompyuta ya sebuleni inafuata mpango uleule. Inapolala, karibu kila kitu kinazimwa, lakini kipokezi cha telekomande lazima kiendelee kupata umeme kidogo. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanabadilisha betri za telekomande bure, kumbe tundu ambamo kipokezi kimechomekwa linakatiwa umeme kompyuta inapolala, au mipangilio ya mashine hairuhusu iamshwe kwa njia hiyo. Na SNEL ikikata kuran, kipokezi nacho kinakufa. Hata umeme ukirudi, mara nyingi inabidi mtu asimame na kubonyeza kitufe cha kompyuta yenyewe.

Tesla mwenyewe alitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe, karibu na New York, akitumaini kutuma habari na hata umeme wenyewe bila waya. Tajiri J. P. Morgan alifunga mfuko, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Miaka ya mwisho aliishi katika hoteli, akilisha njiwa na kukusanya madeni.

Alifariki peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York, tarehe 7 Januari 1943, akiwa na miaka 86. Telekomande ya kwanza ya televizheni isiyo na waya ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1955.