Manuel García: Mwimbaji aliyeharibikiwa sauti, akawaonyesha madaktari koo

Na Mwandishi Wetu

MADAKTARI wanaopima sauti zilizoharibika hutumia kamera na kompyuta, lakini kazi yao ina asili katika kioo kidogo cha daktari wa meno, kilichonunuliwa jijini Paris mwaka 1854. Aliyekinunua hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García.

García alizaliwa nchini Hispania Machi 17, 1805, katika familia iliyoishi kwa kuimba. Baba yake, ambaye pia aliitwa Manuel García, ndiye aliyeimba kwa mara ya kwanza nafasi ya Almaviva katika opera ya Rossini ya Kinyozi wa Seville, mwaka 1816. Dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walikuja kuvuma Ulaya nzima. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana asiye na sauti alikuwa sawa na mtoto wa mvuvi anayeogopa maji.

Na hayo ndiyo yaliyomfika. Novemba 1825 familia hiyo ilipeleka opera za Kiitaliano New York, naye, akiwa na umri wa miaka 20, akaimba nafasi ya Figaro. Nafasi nzito alizoimba mfululizo katika umri mdogo zilimchosha koo. Baadaye alijaribu bahati yake nchini Italia, nako hakufanikiwa. Alipofikisha takriban miaka 25 alikuwa ameachana na jukwaa.

Wengi wangeishia hapo. García alifuatana na jeshi la Ufaransa lililoivamia Algiers mwaka 1830, na aliporejea akafanya kazi katika hospitali za kijeshi, ambako alijifunza muundo wa koo. Mwaka 1840 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa andiko lake kuhusu sauti ya binadamu. Hata hivyo, koo alilolijua lilikuwa la maiti. Koo la mtu aliye hai, linaloimba, hakuwahi kuliona.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1841, alipofuatwa na msichana kutoka Sweden, Jenny Lind. Alikuwa na miaka 20, tayari ni mashuhuri kwao, lakini sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kutumika kupita kiasi. García alimsikiliza, akamwambia kwamba hapakuwa na sauti ya kufundisha. Alimwamuru apumzike wiki sita, bila kuimba na akizungumza kwa nadra mno, kisha arudi. Lind alitii. Mwaka uliofuata alirejea Sweden akiwa amepona, na baadaye akawa mwimbaji aliyejaza kumbi za Ulaya na Marekani.

Uamuzi ule, uliobeba maisha ya msanii mzima, ulitegemea sikio peke yake. Mwalimu hakuwa na njia ya kujua iwapo nyuzi za sauti za mgonjwa wake zilikuwa zimevimba, zimeota vinundu au zimechoka tu. Mwingine angesikiliza sauti ileile na kutoa hukumu tofauti.

García alihamia London mwaka 1848 na kufundisha katika Chuo cha Kifalme cha Muziki. Miaka sita baadaye, akiwa matembezini Paris katika bustani za Palais-Royal, alipata wazo lililokuwa likimkwepa kwa muda mrefu. Akaenda kwa mtengeneza zana za tiba, Charrière, akanunua kioo cha mpini mrefu kwa faranga sita. Nyumbani alikipasha moto kwa maji ili kisifanye ukungu, akakiweka nyuma ya ulimi wake, huku kioo cha pili mkononi kikielekeza mwanga wa jua kooni. Mbele yake akaona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga.

Matokeo aliyaandika, na Mei 1855 yakasomwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society, London. Alieleza kwamba sauti hutokana na hewa inayokatwakatwa na nyuzi hizo zinapokutana na kuachana.

Haki inadai ielezwe kwamba daktari wa Uingereza, Benjamin Babington, alikuwa amekwisha kuonyesha chombo cha kutazamia koo mwaka 1829, lakini hakikuenea. Hata kioo cha García hakikushughulisha sana waganga wa London. Waliokidaka ni Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak wa Pest. Türck alikwama majira ya baridi jua lilipopungua. Czermak akatumia taa, na tangu hapo koo likachunguzika wakati wowote. Wawili hao waligombania sifa hadharani. García, aliyekuwa na haki zaidi ya kudai, aliendelea kufundisha.

Kutoka kutazama, wataalamu walifika kwenye kupima. Mwaka 1878 Max Joseph Oertel wa Munich alitumia mwanga wa kumetameta uliofanya mitikisiko ya nyuzi ionekane kana kwamba inakwenda polepole. Siku hizi kompyuta huhesabu mitikisiko kwa sekunde, takriban 100 na zaidi kwa mwanamume na 200 kwa mwanamke, na kuonyesha jinsi mmoja unavyotofautiana na unaofuata. Mgonjwa huombwa pia kuvuta sauti moja kwa pumzi moja, muda ukihesabiwa. Vipimo hivyo hulinganishwa kabla na baada ya tiba, jambo ambalo Lind hakulipata. Sikio halijastaafishwa: mtaalamu bado husikiliza na kutoa alama, kwa kuwa takwimu pekee hazielezi sauti inavyopokewa na watu.

Mwaka 1862 Chuo Kikuu cha Königsberg kilimtunuku García shahada ya heshima ya udaktari wa tiba. Aliendelea kufundisha katika chuo chake cha London hadi mwaka 1895, akiwa na miaka 90. Alipotimiza miaka 100, Machi 17, 1905, madaktari na waimbaji walikusanyika London kumpongeza, Mfalme Edward VII akamtunuku nishani, na mchoraji John Singer Sargent akachora picha yake. Alifariki dunia London Julai 1, 1906, akiwa na umri wa miaka 101.