Mtakatifu Vincent de Paul na Jamaa Wenye Njaa

Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye utotoni alichunga mifugo. Akapewa upadri mwaka 1600.

Mwaka 1617 alikuwa padri wa paroki ya Châtillon. Dominika moja ya mwezi wa Agosti, kabla ya Misa, aliletewa habari ya nyumba moja nje ya mji: wote ni wagonjwa, hakuna hata mmoja wa kuwapikia wenziwe. Katika mafundisho yake akawaombea msaada. Jioni alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda, wengine wakirudi, wengine wakipumzika kwa sababu ya jua kali.

Vincent alifurahi, lakini akaona kosa. Chakula kingi namna ile hakimalizwi kwa siku moja. Kitaoza, na baada ya siku chache wagonjwa watalala njaa tena. Huruma ilikuwapo, utaratibu haukuwapo. Basi akawakusanya wanawake wa mji, wakapanga zamu: kila mmoja na siku yake, apike, apeleke mwenyewe, amlishe asiyeweza kujilisha. Wenye ndugu wa kuwatunza wahudumiwe kwanza. Mgonjwa aliye peke yake awe wa mwisho, ili mhudumu akae naye kitambo. Mwanamke mmoja akawekwa kutunza fedha.

Chama hicho kilienea katika paroki nyingi. Vincent alifariki Paris, tarehe 27 Septemba 1660. Wanawake wa chama chake wangali wakifanya kazi ile katika nchi nyingi.