Mkwawa wa Uhehe na Mizani Miwili

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, tumeona yafaa kuweka, kando ya hesabu za mazao na picha za maghala, habari za maisha ya mtu ambaye jina lake lajulikana na kila mkulima toka Iringa mpaka Mbeya. Mtu huyo ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, ambaye wote twamwita Mkwawa. Yeye hakuwa mwana-ushirika, wala vyama vya namna yetu havikuwapo zamani zake. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, miaka 34 baada ya kufa kwake. Lakini aliwaongoza watu wengi katika kazi nzito iliyowahusu wote, na habari zake zatuonyesha ni jambo gani liwafanyalo watu washikamane, na ni jambo gani liwafanyalo waachane.

Mkwawa alizaliwa Luhota, katika nchi ya Iringa, yapata mwaka 1855. Uhehe wa kale haukuwa nchi moja, bali vijitawala vingi vidogo, kila kimoja na mkuu wake. Munyigumba ndiye aliyeviunganisha, kwa vita na kwa mapatano. Walioshindwa hawakuachwa kuwa wageni milele. Waliingizwa katika jeshi, wakapigana bega kwa bega na waliowashinda, na baada ya muda wote wakaitwa Wahehe. Tena mifugo iliyotekwa vitani haikubaki katika zizi la mtawala peke yake, bali iligawiwa wakuu na wapiganaji. Hapo ndipo nguvu ya Uhehe ilipoanzia: aliyetoa jasho aliona sehemu yake.

Munyigumba alipokufa, karibu na mwaka 1879, ugomvi ulizuka. Mkwewe aliyeitwa Mwambambe alitaka kuitwaa nchi, na kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Lakini wazee na watu wa baba yake hawakumsahau. Alirudi, akapigana na Mwambambe, akamshinda, na tangu hapo Uhehe ukawa chini ya mkono mmoja. Alifanya makao yake Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, akajenga boma kubwa la mawe. Jina lenyewe la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake boma. Ukuta ule ulijengwa kwa mikono na mabega ya watu, nao ulikuwa ushahidi wa jinsi nchi nzima ilivyoweza kuitwa kwenye kazi moja.

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani chini ya Emil von Zelewski lilivamiwa ghafula huko Lugalo na wapiganaji wa Mkwawa. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na Wajerumani wengine tisa, na askari zaidi ya mia mbili na wapagazi wengi. Katika Afrika ya Mashariki Wajerumani hawakuwa wamepata pigo kama hilo. Ushindi ule haukuwa wa bunduki, kwa maana Wahehe walitegemea zaidi mikuki. Ulikuwa wa watu waliokaa kimya pamoja, wakaondoka pamoja, na kila mmoja akimwamini aliye kando yake.

Lakini historia ya kweli haina budi kusema na upande wa pili. Mkwawa alikuwa mkali, tena aliogopwa hata na watu wake. Na kwa jirani zake alitumia mizani mwingine. Zamani Wasangu wa Merere walikuwa na nguvu kuliko Wahehe, nao waliwashambulia. Wakati wa Munyigumba mambo yaligeuka, na Mkwawa aliendeleza vita vya baba yake. Wasangu waliondolewa katika mbuga zao nzuri za malisho, wakahamia milima ya Usafwa, na Merere akajenga boma lake Utengule, si mbali na mahali ulipo leo mji wa Mbeya. Hawa hawakupewa sehemu katika Uhehe, wala hawakuachiwa nchi yao. Walikaa huko na uchungu wao, wakingoja siku.

Siku hiyo ilikuja pamoja na Wajerumani. Merere alifanya urafiki nao, kwa kutumaini kurudishiwa Usangu. Kadhalika Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, alisimama upande wao. Tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga lilivunjwa na jeshi la Gavana von Schele. Baadaye Wasangu walirudi katika nchi yao, lakini walirudi chini ya bendera ya kigeni. Jirani wawili waliposhindwa kutendeana haki, mtu wa tatu aliwatawala wote wawili.

Hata hivyo Mkwawa hakukamatwa. Kwa miaka karibu minne alihamahama porini, na watu wake wakimpelekea chakula na habari kwa siri, ijapokuwa waliadhibiwa vikali kwa kufanya hivyo. Wajerumani walimtawaza ndugu yake, Mpangile, mwishoni mwa mwaka 1896, kisha wakamnyonga mwanzoni mwa mwaka 1897, kwa kumshuku kwamba alimsaidia mkimbizi. Mwaka 1898 walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa. Mwishowe, tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na karibu kuzingirwa, alijipiga risasi. Mwili wa mtu mmoja aliyekuwa naye ulikutwa pale pale. Fuvu lililochukuliwa na Wajerumani lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na mwaka 1954 Gavana Twining alilikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huko Kalenga.

Sasa na tujiulize: mtu yule yule, mbona wengine walimficha kwa kuhatarisha maisha yao, na wengine wakaongoza njia ya adui? Twaona jibu ni moja. Waliomficha walikuwa wamehesabiwa kuwa wenziwe, wakapata sehemu yao; waliomwacha hawakuwa wamepata kwake ila hasara. Hofu yaweza kuwakusanya watu wajenge ukuta, lakini haiwezi kuwafanya waulinde.

Chama Kikuu nacho kimeunganisha vyama vya msingi vingi vilivyokuwa vikifanya kazi peke yake. Mwaka 1966 Tume iliyoteuliwa na Rais kuchunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta malalamiko mengi ya wakulima, na miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa na Serikali, visirudi mpaka baada ya sheria ya mwaka 1982. Ndugu wanachama na viongozi, yafaa tukumbuke hayo. Karani wa mzani ampimiapo mjane wa kijiji cha mbali kama ampimiavyo mjumbe wa Halmashauri. Lori lifikapo kwa wakati kwa chama kidogo kama kwa kikubwa. Malipo ya pili yagawanywapo kwa kadiri ya mazao ya kila mtu, na hesabu zikasomwa mbele ya wote. Na mwenzetu aliyeuguliwa akasaidiwa kuvuna kwa ujima bila kuombaomba: hayo ndiyo mawe ya boma letu. Penye mizani miwili daima patakuwapo Merere mmoja akingoja mnunuzi wa kando. Mungu aujalie ushirika wetu miaka mingine kumi, na mingi zaidi, chini ya mzani mmoja.