Mganga Hajigangi: Maisha ya Robert Koch na Misingi ya Maabara ya Tiba

Mgonjwa aendapo hospitalini hukutana na daktari na muuguzi. Mtaalamu anayechunguza damu na makohozi yake nyuma ya mlango wa maabara hamwoni, wala jina lake halijui. Hata hivyo, mara nyingi neno la mtaalamu huyo ndilo linalomwelekeza daktari atibu nini. Makala hii inadhamiria kusimulia maisha ya mmoja wa walioiasisi kazi hiyo, Robert Koch. Aidha, inadhamiria kuonyesha kwamba msingi aliouweka ulikuwa mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Mara mbili aliuacha, na mara zote mbili wagonjwa ndio waliogharimika.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, penye migodi ya milima ya Harz, Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka wa 1866. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Jacob Henle, ambaye tangu 1840 alikuwa ameshikilia kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Wengi hawakusadiki, kwani zama hizo madaktari wengi waliilaumu hewa chafu.

Mwaka wa 1872 Koch alianza kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Polandi. Hakuwa na maabara wala mfadhili. Alitenga sehemu ya nyumba yake, akaweka hadubini, akafuga panya. Mifugo wa wilaya ile walikuwa wakifa kwa kimeta. Watafiti wengine walikuwa wamekwisha kuona viini vyenye umbo la vijiti katika damu ya mizoga, lakini kuona si kuthibitisha. Koch alichovya vibanzi vya mbao katika damu hiyo, akawaambukiza panya kwavyo, nao wakafa. Kisha aliviotesha viini hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, hata damu ya mzoga wa kwanza ikawa haimo tena. Alipowaambukiza panya wengine, wakafa kwa maradhi yale yale. Aligundua pia kwamba viini hivyo hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi. Mwaka wa 1876 alisafiri hadi Breslau, akayarudia majaribio yake mbele ya Ferdinand Cohn na wataalamu wenzake. Hakuwaomba wamwamini, aliwaomba watazame. Cohn akaichapisha kazi hiyo mwaka uo huo.

Mwaka wa 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya dola. Huko alikabiliana na tatizo jingine: katika mchuzi wa kuoteshea, bakteria wa aina nyingi huchanganyika, na haijulikani ni yupi mwenye hatia. Alianza kwa kutumia vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha jelatini, lakini jelatini huyeyuka katika joto la mwili wa binadamu. Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mtafiti Walther Hesse aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alipendekeza agari, utomvu wa mwani alioutumia katika mapishi. Mwaka wa 1887 Julius Petri, msaidizi mwingine, alibuni sahani yenye kifuniko inayobeba jina lake hadi leo. Naam, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, Koch alipoitaja agari katika maandishi yake ya 1882, hakumtaja mwanamke aliyeipendekeza.

Tarehe 24 Machi 1882, Koch aliwathibitishia wataalamu wa Berlin kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria aliyemtia rangi, akamwotesha peke yake na kuwaambukiza wanyama kwaye. Siku hiyo huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kifua kikuu. Mwaka wa 1884, baada ya safari za Misri na India, alibainisha kiini cha kipindupindu.

Sifa zikazaa haraka. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, nayo ikaja kuitwa tuberkulini. Wagonjwa kwa maelfu wakamiminika Berlin. Ajabu ni kwamba mtu aliyejipatia heshima kwa kuwaonyesha wenzake kila hatua, safari hii alificha jinsi dawa ilivyotengenezwa. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Mapema mwaka wa 1891 Rudolf Virchow alichunguza maiti za waliotibiwa na kuonyesha kwamba maradhi hayakuwa yameponywa. Hatimaye tuberkulini ilifaa, si kwa kutibu, bali kwa kupima nani ameambukizwa.

Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1905. Mwaka uliofuata alifika katika visiwa vya Sese, Uganda, kuchunguza malale yaliyokuwa yakiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa hadubini alikuwa bingwa wa kutambua vimelea vya maradhi hayo. Matibabu yalikuwa jambo jingine. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na ilipokosa kuwaponya kabisa akazidisha kipimo. Baadhi yao wakapofuka, naye akalazimika kukipunguza tena. Katika visiwa vile vilivyokuwa chini ya wakoloni, majaribio ambayo yangepaswa kutangulia matibabu yalifanywa katika miili ya wagonjwa wenyewe.

Koch alifariki huko Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Miaka miwili baadaye, wasaidizi wa maabara nchini Uingereza waliunda chama chao cha kwanza, na polepole kazi iliyoonekana kuwa ya kusafisha chupa ikawa taaluma yenye mitihani na maadili yake. Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 1999 iliunda bodi ya kuisimamia.

Je, tumhukumu vipi? Mganga hajigangi. Koch aliufundisha ulimwengu kwamba tokeo la maabara halina thamani mpaka mtu mwingine aweze kulirudia na kuona yale yale, na kwa kipimo hicho hicho ndipo Virchow alipomsahihisha. Mtaalamu wa maabara anayerudia kipimo kwa sababu ana shaka, hata kama daktari anaharakisha na foleni ni ndefu, ndiye mrithi wa yule daktari wa Wollstein kabla hajapata umaarufu.