Profesa Odhiambo alizaliwa Mombasa, lakini pesa za utafiti wake zilitoka ng'ambo

Kila mwaka bajeti ikisomwa bungeni, sisi wa Chaani husikiliza mambo matatu: bei ya unga, bei ya mafuta, na kama barabara yetu imetajwa. Sijapata kumsikia mtu barazani akiuliza utafiti wa magonjwa umetengewa shilingi ngapi. Leo nauliza mimi, na nitauliza kupitia maisha ya mtu aliyezaliwa mji huu huu, akawa miongoni mwa wanasayansi wakubwa kabisa waliotoka Kenya, na ambaye wengi wetu hatulijui jina lake.

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Kwa kabila alikuwa Mjaluo. Alisoma Maseno, kisha akaenda Makerere, Kampala, chuo ambacho wakati ule ndicho kilichokuwa kimbilio la vijana wa Afrika Mashariki waliotaka elimu ya juu. Baada ya Makerere aliajiriwa Uganda katika idara ya kilimo, kazi yake ikiwa kuchunguza wadudu wanaoharibu mimea. Wenzake wengi waliosoma walikuwa wakikimbilia siasa au ukarani wa serikali. Yeye alibaki na wadudu.

Kutoka Uganda alikwenda Uingereza, chuo kikuu cha Cambridge, na huko akafundishwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa elimu ya mwili wa mdudu. Alichochunguza Odhiambo ni nzige wa jangwani. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi ndogo mno, isiyoonekana vizuri bila darubini. Tezi hiyo hutoa homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili wa nzige sasa umekomaa, sasa ni wakati wa kuzaa. Mtu anaweza kuuliza nzige na ubongo wake vinamhusu nini mkulima wa Kilifi au mvuvi wa Likoni. Jibu ni kwamba mdudu usiyemjua utampiga dawa mpaka dawa ikuishie, naye atarudi mwakani. Ukijua kinachouendesha mwili wake, utajua pa kumshika.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1965, akarudi Nairobi kufundisha. Kenya ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, na pesa zilikuwa chache. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani, akieleza namna sayansi inavyoweza kuliendeleza eneo la Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: nchi maskini haiwezi kutafiti kila kitu, basi ichague maeneo machache, ijenge vituo vya hali ya juu, na vituo hivyo vilee wanasayansi wa hapa hapa.

Mwaka 1970 alianzisha kituo cha namna hiyo, kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE. Kilianza kidogo sana, Chiromo, Nairobi. Walichagua wadudu wanaotuumiza sisi: mbung'o, mbu, kupe, mchwa na viwavijeshi. Mbung'o yuko hata hapa kwetu, katika misitu ya Shimba Hills. Ndiye anayeeneza malale, maradhi ambayo vijidudu vyake huanzia kwenye damu kisha huingia kwenye ubongo, mgonjwa akachanganyikiwa, akasinzia mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa.

Sasa tuje kwenye pesa. Kituo kile kilisimama kwa kuungwa mkono na taasisi za wanasayansi za nchi nyingi za nje. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Carl Djerassi wa Marekani, mwanakemia maarufu kwa kazi yake katika kuunda vidonge vya kupanga uzazi. Shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa likawa mfadhili mkubwa. Odhiambo alijua kuomba. Alipanda ndege, akakaa na mawaziri wa Ulaya na wakubwa wa mashirika, akawashawishi kwamba Mwafrika anaweza kuongoza maabara ya daraja la kwanza. Simlaumu. Mwenye njaa hachagui mlango wa kubisha. Lakini profesa anayetumia nusu ya umri wake kwenye viwanja vya ndege akitafuta riziki ya maabara yake ni profesa ambaye nchi yake haijampa haki yake.

Kuna kisa kimoja kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 ICIPE ilikuwa na kitengo cha mbu hapa Mombasa, na watafiti wake walifanya kazi Rabai, safari fupi tu kutoka kwetu ukipita Miritini na Mazeras. Waligundua jambo kuhusu yule mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Kuna wanaoishi ndani ya nyumba na kutaga mayai kwenye mitungi ya maji, na kuna wanaoishi vichakani. Wakawakamata wote, wakawatia alama, wakawaachilia, kisha wakaangalia nani anarudi wapi. Wa nyumbani walirudi nyumbani, wa vichakani wengi wao wakabaki nje.

Kwa mtu asiyejali, huo ni mchezo wa watoto. Lakini mbu huyo ndiye aliyetuletea chikungunya mwaka 2004, ilipozuka Lamu ikashuka mpaka Mombasa, watu wakatembea wameinama kama wazee. Ndiye aliyetuletea homa ya dengi mwaka 2013, ile ambayo Waswahili wa zamani waliiita kidinga popo. Na sisi Chaani ndio tunaomfuga. Mfereji ukikauka, tunanunua maji kwa wauzaji wa mikokoteni na kuyaweka kwenye mapipa na mitungi, siku tatu, siku nne, pengine wiki. Pipa lisilofunikwa ndilo jumba la mbu huyo. Jambo hilo lilichunguzwa jirani yetu zaidi ya miaka 30 kabla ya homa ya dengi ya 2013, na kituo ambacho mfadhili wake mkubwa alikuwa ng'ambo.

Odhiambo hakuishia kwenye wadudu. Mwaka 1983 kituo chake kilianza mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika shahada za juu, wafanye utafiti wao hapa bara la Afrika. Mwaka 1985 alishiriki kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, yaani jumuiya ya wanasayansi mabingwa wa bara hili, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa tuzo ya uongozi katika vita dhidi ya njaa Afrika, akishirikiana na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliondoka uongozini ICIPE mwaka 1994, naye Hans Herren kutoka Uswisi akachukua usukani.

Katika miaka yake ya mwisho alishikilia wazo moja: marais wa Afrika wakae meza moja na wanasayansi, na sayansi iingie katika bajeti za nchi kama barabara na jeshi zinavyoingia. Aliunda jukwaa maalumu kwa kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kuona kwamba msaada wa nje unaweza kujenga maabara, lakini hauwezi kukaa milele. Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003. Kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kina jina lake. Hapa Mombasa alikozaliwa, mimi sijaona hata uchochoro uliopewa jina hilo.

Miaka kumi baada ya kifo chake, Kenya ilitunga sheria ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema kwamba kila mwaka wa fedha serikali itaipatia asilimia 2 ya pato la taifa. Soma tena: asilimia 2, kisheria. Hata viongozi wa Afrika walipokubaliana katika Mpango wa Lagos wa 1980 walitaja asilimia 1. Sisi tukaandika mara mbili yake, na hatujaifikia hata mwaka mmoja.

Matokeo yake tunayaona Kilifi. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa pale mwaka 1989, kwa ushirikiano wa taasisi yetu ya KEMRI na Waingereza, kimefanya kazi kubwa juu ya malaria inayopanda ubongoni. Watoto wetu walikuwa wakishikwa na degedege, wazee wakisema ni nyuni, wakitafuta makombe na mafusho. Watafiti wakaonyesha kwamba wengine wanaopona hubaki na kifafa au uzito wa kujifunza, na mwalimu akadhani mtoto ni mzembe. Fedha nyingi za kazi hiyo zimetoka Wellcome Trust, mali iliyoachwa kwa wasia na Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936. Sisi Waislamu tuna neno la jambo hilo: wakfu. Mtu hafi na mali yake, huiacha ifanye kazi. Wakfu wa mtu wa London unatibu watoto wa Ganze, nasi serikali yetu haitimizi hata sheria yake.

Na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miezi michache baadaye ikalifunga shirika la USAID. Majaribio ya chanjo ya Ukimwi yaliyokuwa yakiongozwa na wanasayansi wa Afrika Kusini yalikwama. Hakuna aliyewauliza Waafrika. Pesa zilikuwa zao Wamarekani, na wamezichukua.

Najua kuna watakaosema pesa za serikali nazo zina hatari zake. Ni kweli. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza kwa vifijo dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron, siasa ikatangulia mbele ya ushahidi, na uchunguzi wa baadaye haukuonyesha kwamba inasaidia. Wagonjwa walitumaini, kisha wakaachwa na majonzi. Lakini dawa ya hilo ni kuwapa watafiti fedha kwa ushindani wa wazi, watathminiwe na wenzao, na mwanasiasa akae kando mpaka matokeo yatoke. Kuwanyima kabisa hakumzuii mwanasiasa kutangaza uongo. Kunamwondoa tu yule ambaye angeweza kumsahihisha.

Wengine watasema Chaani hatuna maji, hospitali hazina dawa, utafiti wa nini? Lakini dawa isiyojulikana inatibu nini ni hasara, na maji ya pipa bila elimu ya mbu ni homa. Odhiambo alizaliwa katika mji huu wa maji haba na mbu tele, naye akaona kwamba tatizo la nyumbani ndilo linalostahili akili kubwa kuliko zote.

Ombi langu kwa mbunge wetu wa Changamwe ni moja. Bajeti ijayo ikifika mezani, asimame aulize ile asilimia 2 iko wapi, na Pwani imepata kiasi gani. Na serikali ya kaunti ya Mombasa nayo itenge fungu, hata dogo, kwa vijana wa vyuo vyetu waende kwenye mapipa ya Chaani, Bangladesh na Mikindani, wahesabu mbu, watuletee majibu. Elimu inayowafaa watu ni sadaka inayoendelea, na sadaka hii tunaweza kuitoa kutoka mfukoni mwetu wenyewe.

Wassalam.