Harry Thuku na Shtaka Ambalo Hakusomewa

Katika mahakama za Thika na Ruiru, yupo daima mtu anayepanda kizimbani kwa mara ya kwanza. Husomewa shtaka, kisha huulizwa kama ni kweli au si kweli. Wengi hutetemeka kwa kudhani kuwa shtaka na hukumu ni kitu kimoja. Nawaomba walimu na wanafunzi wa sehemu hizo wamkumbuke Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, si mbali na Ruiru.

Thuku alizaliwa mwaka 1895, akasomeshwa na wamisionari papo hapo Kambui. Alikwenda Nairobi akiwa kijana, na mwaka 1911 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kughushi hundi. Wanaomsifu huiruka sura hii, nami naona wanakosea. Hapo palikuwa na tendo lililotajwa, sheria iliyovunjwa na kifungo kinachohesabika. Alikitumikia, akatoka, akafanya kazi ya kupanga chapa gazetini na baadaye ya kupokea simu katika Hazina ya serikali.

Mwaka 1921 aliongoza chama cha East African Association. Alipinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Msomaji anayeijua kahawa ya Ruiru hahitaji kuelezwa mashamba hayo yalikuwaje.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ulimiminiwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu wengi zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakabili askari huku wanaume wakisitasita.

Na Thuku? Hakupelekwa mbele ya hakimu. Hapakuwa na hati ya mashtaka, wala shahidi wa kuhojiwa, wala muda wa adhabu. Kwa amri ya serikali alihamishiwa Kismayu, na baadaye sehemu nyingine za mbali, Marsabit ikiwa mojawapo, hadi alipoachiliwa mwaka 1930. Mghushi wa hundi aliijua siku yake ya kutoka, mwanasiasa hakuijua. Sisi watu wa sarufi tunajua kuwa kitenzi kukana hudai yambwa: asiyeambiwa kosa lake hana cha kukana.

Aliporudi aliongoza Kikuyu Central Association, akakosana na wenzake, akaunda chama kingine mwaka 1935, na baadaye akaipinga Mau Mau, jambo ambalo wengi hawajamsamehe. Alilima kahawa hadi alipofariki mwaka 1970.

Katiba ya mwaka 2010 inaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Asiyeelewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Kwa hiyo kijana wa Ruiru asomewapo shtaka na asilielewe, asiitikie kweli kwa haya au kwa hofu. Na aseme kwanza kwamba hakuelewa, ili asomewe tena.