Linus Yale na Ufunguo Bapa
Fundi wa funguo apitaye katika mitaa ya Kigali huchukua ufunguo uliotupwa, akaupunguza meno kwa tupa, nao ukafungua kitasa kingine. Wepesi huo tumeupata kwa Linus Yale Mdogo, aliyezaliwa Marekani mwaka 1821. Babaye alitengeneza vitasa. Mwenyewe alichora sura za watu kabla ya kuifuata kazi hiyo. Akiendeleza kitasa cha Wamisri wa kale, chenye vijiti vya mti, alibuni kitasa cha pini ndogo na ufunguo bapa, ambao michongo yake huinua kila pini kwa kimo chake. Mwaka 1868 aliungana na Henry Towne kuanzisha kiwanda. Desemba akafariki ghafla, asiuone ufunguo wake ukienea duniani. Nasi tuzingatie: nomino ufunguo imetokana na kitenzi fungua, si funga.